Haki za Mteja kwa Wakili Wake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wakazi wa Mtwara na Lindi

Haya ni maswali ambayo wananchi wa mikoa hii miwili hutuuliza sisi mawakili ofisini, kwenye korido za mahakama na hata stendi, wakiwa njiani kurudi Newala, Nachingwea au Liwale. Majibu yamezingatia Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, pamoja na Kanuni za Mwenendo na Maadili ya Mawakili zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Namba 118 la mwaka 2018, ambazo zinambana kila wakili wa Tanzania Bara, awe na ofisi ya ghorofa Dar es Salaam au chumba kimoja jirani na soko la Masasi. Maelezo haya hayachukui nafasi ya ushauri juu ya shauri lako mwenyewe, lakini yatakuonesha ni huduma gani unaweza kuidai bila kuona haya.

Nitajuaje kwamba mtu huyu ni wakili kweli?

Wakili ni mtu ambaye jina lake limo katika Daftari la Mawakili linalotunzwa na Msajili wa Mahakama Kuu, na ambaye amehuisha leseni yake ya uwakili kwa mwaka husika. Sharti moja bila lingine halitoshi. Mtu anaweza kuwa amesoma sheria hadi shahada ya pili na asiwe wakili, na anaweza kuwa wakili aliyeapishwa lakini leseni yake ya mwaka haijahuishwa, au amesimamishwa kwa kosa la kimaadili, na katika hali hizo zote haruhusiwi kukuwakilisha mahakamani wala kukutoza fedha kwa kazi ya uwakili.

Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa mtandaoni uitwao e-Wakili, ambao mwananchi yeyote anaweza kuutumia kutafuta jina la wakili na kuona kama anaruhusiwa kufanya kazi. Asiye na simu ya intaneti aulize masjala ya mahakama iliyo karibu naye. Usione kwamba kuuliza huko ni kumdharau mtu, kwa kuwa wakili anayefanya kazi kihalali hana sababu ya kukasirika.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu vishoka wapo, na hupatikana zaidi katika kipindi ambacho malipo ya korosho yameingia kwenye akaunti za wakulima. Kishoka hukuandalia hati, hukugongea muhuri, huchukua fedha yako, na siku shauri linapoitwa haonekani, au huonekana akiwa amekaa nyuma kabisa kama msikilizaji. Hati aliyoiandaa mtu asiyeruhusiwa inaweza kukataliwa mahakamani, na muda unaopotea hapo ni muda wako wewe.

Siku ya kwanza ofisini nitarajie nini?

Utarajie kusikilizwa hadi mwisho, kisha kuulizwa maswali, kisha kuambiwa ukweli. Kanuni zinamtaka wakili amshauri mteja kwa uaminifu na uwazi, na hilo linajumuisha kumwambia mteja kwamba shauri lake ni dhaifu, au kwamba gharama za kulifungua zitazidi thamani ya kinachogombaniwa, au kwamba suluhu na jirani yake itamfaa kuliko hukumu. Wakili akikuhakikishia ushindi siku ya kwanza, kabla hajaona hata karatasi moja ya upande wa pili, hapo pana sababu ya kuwa na wasiwasi.

Utarajie pia kuelezwa shauri lako linaanzia wapi. Mgogoro wa shamba, kwa mfano, hupitia kwanza Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha na wala si kuamua, na huko wakili haruhusiwi kukuwakilisha. Suluhu isipopatikana ndipo jambo huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa upande wa Mahakama ya Mwanzo, marekebisho ya mwaka huohuo yameruhusu mawakili kuingia pale inapoongozwa na hakimu mkazi. Wakili mwangalifu atakueleza haya kabla ya kuzungumzia ada, ili usilipie hatua ambayo unaweza kuifanya mwenyewe.

Nenda na kila karatasi uliyo nayo, hata ile unayoiona haina maana. Mara nyingi hati ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono mbele ya mwenyekiti wa kitongoji ndiyo inayobeba shauri zima la mikorosho, na mteja huwa ameiacha nyumbani kwa kudhani kwamba kisichokuwa na muhuri hakihesabiki.

Ada ya wakili hupangwa na nani, na je, ninaweza kuilipa kwa awamu?

Ipo Amri ya Malipo ya Mawakili, Tangazo la Serikali Namba 264 la mwaka 2015, inayoweka viwango kwa aina mbalimbali za kazi, na ndani ya mipaka hiyo wakili na mteja hukubaliana. Dai makubaliano ya maandishi. Yaoneshe kazi inayolipiwa ni ipi, inaishia hatua gani, na kama rufaa imo au haimo, kwa kuwa hapo ndipo ugomvi mwingi wa ada unapozaliwa: mteja anaamini amelipia mpaka Mahakama ya Rufani, wakili anaamini alilipwa kwa ajili ya Baraza tu.

Makubaliano yatenganishe ada ya wakili na gharama nyingine, yaani ada za mahakama, nauli, chakula na malazi pale wakili anaposafiri kutoka Mtwara mjini kwenda, tuseme, Kilwa. Ada za mahakama hulipwa Serikalini kwa kontroo namba, kwa hiyo unaweza kuomba uoneshwe namba hiyo na uilipe mwenyewe kwa simu, ukabaki na ujumbe wa malipo. Kwa fedha unayompa wakili, omba risiti ya EFD. Karatasi ya daftari iliyoandikwa kiasi bila jina wala tarehe haitakusaidia siku ukitakiwa kuthibitisha ulicholipa.

Kulipa kwa awamu kunaruhusiwa kwa makubaliano, na mawakili wengi wa huku wanafahamu kwamba mkulima hana fedha mwezi Juni kama alivyo nayo baada ya mnada wa chama chake cha msingi. Kisichokubalika ni wakili kupokea awamu ya kwanza, kukaa kimya bila kukuarifu kwamba amesitisha kazi, kisha kuliacha shauri lifutwe kwa sababu awamu ya pili haijafika. Akitaka kujitoa, ana wajibu wa kukupa taarifa mapema, kwa namna itakayokuwezesha kutafuta msaada mwingine, na kuiarifu mahakama.

Wakili ana wajibu gani wa kunijulisha kinachoendelea?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, nami naliona kuwa moyo wa huduma yote ya uwakili. Mteja ndiye mwenye shauri. Wakili ni mwakilishi wake, na mwakilishi asiyetoa taarifa kwa aliyemtuma hajatimiza kazi hata kama anahudhuria mahakamani kila tarehe.

Mzee mmoja wa Tandahimba aliwahi kuja ofisini akiwa na mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira, ndani yake mna hati ya kununulia shamba, stakabadhi za mkono na picha ndogo za mashahidi. “Mwanangu, kesi yangu ipo,” alisema, “naambiwa nisubiri tu.” Tulipofuatilia masjala tukakuta kwamba maombi yake yalikwisha kufutwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwa sababu siku ya kusikilizwa yeye hakuwepo na wakili wake hakuwepo. Sheria ilimpa siku 30 za kuomba shauri lirudishwe, na siku hizo zilikuwa zimepita zamani. Muda wote huo alikuwa akipiga simu na kujibiwa maneno yaleyale mawili: kesi inaendelea.

Jibu la namna hiyo halitoshi. Baada ya kila tarehe, mteja anastahili kuambiwa mambo manne: nini kilifanyika siku hiyo, shauri limepangwa lini tena, tarehe ijayo ni ya kutajwa au ya kusikilizwa, na yeye mteja anatakiwa kufanya nini kabla ya hapo. Ujumbe mfupi wa simu unatosha kwa yote hayo. Tofauti kati ya kutajwa na kusikilizwa ina uzito mkubwa kwa mtu wa Liwale, ambaye wakati wa masika anaweza kulala njiani, kwa kuwa katika tarehe ya kutajwa mara nyingi hakuna ushahidi unaotolewa na pengine hapana haja ya yeye kusafiri, ilhali katika tarehe ya kusikilizwa lazima afike na mashahidi wake. Wakili akijua kwamba shauri litaahirishwa, iwe kwa sababu hakimu amesafiri au kwa sababu nyingine yoyote, amwarifu mteja kabla hajapanda basi.

Yapo mambo ambayo wakili hawezi kuyaamua bila wewe. Pendekezo lolote la suluhu kutoka upande wa pili lazima likufikie, hata kama yeye analiona halifai. Kukubali au kukataa suluhu, kukata rufaa au kuacha, na kukiri kosa au kukana katika shauri la jinai ni maamuzi yako, na kazi ya wakili ni kukueleza faida na hatari za kila njia kwa lugha unayoielewa.

Hukumu inapotoka ndipo mawasiliano yanapaswa kuwa ya haraka kuliko wakati wowote, maana saa ya rufaa inaanza kuhesabu. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya una siku 30. Kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu una siku 45. Shauri la madai lililofunguliwa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi lina siku 90 za rufaa kwenda Mahakama Kuu. Katika jinai, kusudio la kukata rufaa kutoka mahakama hizo hutolewa ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Anayetaka kwenda Mahakama ya Rufani, ambayo huwa na vikao vyake hapa Mtwara pia, anatakiwa kuwasilisha kusudio ndani ya siku 30. Siku za kusubiri nakala za hukumu zinaweza kuondolewa katika hesabu, lakini mtu asitegemee hilo kabla ya kuziomba nakala hizo kwa maandishi. Kwa hiyo wakili anayekaa na hukumu mezani kwa wiki tatu ndipo akupigie simu amekula sehemu kubwa ya muda wako.

Kesi ikikwama kwa uzembe wa wakili, je, mahakama haitanihurumia?

Mara nyingi hapana. Mahakama ya Rufani imerudia kusema kwamba uzembe wa wakili peke yake si sababu ya kutosha ya kuongezewa muda, na mteja naye anatazamiwa kufuatilia shauri lake. Ni kanuni ngumu kwa mtu wa kijijini aliyeamini kwamba kumlipa wakili kunamaliza wajibu wake, lakini ndiyo iliyopo, na ndiyo sababu nawahimiza watu waandike tarehe kila zinapopangwa na waende masjala wenyewe kuuliza. Jalada la shauri lako lina namba. Ikariri.

Hati zangu zimeandikwa kwa Kiingereza. Nifanye nini?

Usitie sahihi wala dole gumba kwenye hati ambayo hujasomewa na kufafanuliwa. Tangu mwaka 2021 sheria imeifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, Kiingereza kikiruhusiwa katika mazingira maalumu, na hivyo hakuna ugumu wowote wa msingi wa kukuandalia kiapo au maombi kwa Kiswahili. Pale ambapo hati lazima ibaki kwa Kiingereza, wakili akueleze kila aya kabla hujaapa, kwa sababu utaulizwa maswali juu ya kiapo hicho wewe, si yeye.

Nimekwenda kwa wakili na mjomba na ndugu zangu. Je, siri yangu inalindwa?

Mazungumzo kati ya mteja na wakili wake ni siri, na Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inamzuia wakili kuyatoa bila ridhaa ya mteja, isipokuwa pale yanapohusu kuendeleza uhalifu. Wajibu huo haukomi kazi inapokwisha wala mkigombana juu ya ada.

Hata hivyo siri inahitaji faragha. Katika familia nyingi za Wamakonde, Wamwera na Wamakua, mjomba ana sauti kubwa kwenye mambo ya ukoo, na ni heshima kwenda naye. Wakili mwenye busara atawasalimia wote, awakaribishe viti, kisha aombe dakika chache na mteja peke yake. Mjomba asichukie. Mama mjane huenda ana jambo kuhusu nyumba ya marehemu ambalo hawezi kulisema mbele ya watu ambao wenyewe ni warithi.

Katika mirathi ni muhimu ijulikane tangu mwanzo mteja ni nani. Wakili aliyeajiriwa na msimamizi wa mirathi anamwakilisha msimamizi, na si lazima aseme kwa niaba ya kila mtoto wa marehemu. Aliye na shaka juu ya mgawanyo atafute ushauri wake mwenyewe.

Wakili wangu amewahi kumfanyia kazi mpinzani wangu. Je, ni sawa?

Wakili anapaswa kuepuka mgongano wa maslahi, na akiwa na siri za mtu zinazohusu jambo lenyewe haruhusiwi kumgeukia mtu huyo kwa niaba ya mwingine. Miji yetu ina mawakili wachache, na ni kawaida kukuta aliyeandika mkataba wa chama cha msingi cha ushirika ndiye huyohuyo anayefuatwa na mwanachama anayekidai chama. Anachotakiwa kufanya ni kukueleza hali hiyo waziwazi na, mgongano ukiwa wa kweli, kuikataa kazi. Vilevile wakili aliyeshuhudia mauziano ya shamba kati ya mnunuzi na muuzaji hatakiwi kujifanya mtetezi wa mmoja wao mauziano hayo yanapogombaniwa, kwa kuwa anaweza kuitwa kuwa shahidi.

Fidia yangu imelipwa kupitia kwa wakili. Anaweza kuishikilia?

Fedha ya mteja ni mali ya mteja. Wakili anaipokea kwa dhamana, anapaswa kuitenga na fedha zake mwenyewe, kukuarifu mara inapoingia, na kukupa hesabu ya maandishi inayoonesha kilichopokelewa, kilichokatwa kwa makubaliano, na kilichobaki. Sina maneno laini juu ya jambo hili: wakili anayetumia fedha ya fidia ya mteja kwa mahitaji yake, hata kama ana nia ya kuirudisha, amevunja uaminifu ambao leseni yake yote imejengwa juu yake. Pale inapowezekana, omba malipo yaingie moja kwa moja kwenye akaunti yako, na ada uilipe baadaye kama mlivyokubaliana.

Ndugu yangu anashtakiwa kwa mauaji na amepewa wakili na mahakama. Huyo naye anadaiwa huduma ileile?

Ileile kabisa. Mshtakiwa asiyemlipa wakili kwa mkono wake si mteja wa daraja la pili. Ana haki ya kuonana na wakili wake kabla ya siku ya kusikilizwa, kuelezwa ushahidi uliopo dhidi yake, na kuulizwa kama ana mashahidi wa utetezi na wanapatikana wapi. Wakili anayekutana na mteja wake kwa mara ya kwanza kizimbani, dakika chache kabla jaji hajaingia, hajamtendea haki. Ndugu wanaweza kusaidia kwa kuuliza masjala ya Mahakama Kuu ni wakili gani amepangiwa shauri, kisha kumpelekea majina ya mashahidi na namba zao za simu, hasa pale mshtakiwa akiwa gerezani, ambako hana njia ya kuwatafuta.

Ninaweza kubadilisha wakili katikati ya shauri?

Ndiyo. Mjulishe kwa maandishi, lipa kazi iliyokwisha kufanyika, na uombe nyaraka zako. Wakili mpya ataiarifu mahakama. Ikiwa kuna ubishi juu ya ada, zipo taratibu za kuudai ujira, na ubishi huo usiachwe ukaharibu shauri lenyewe.

Nikitendewa vibaya nilalamike wapi?

Anza kwa wakili mwenyewe, kwa barua yenye tarehe, ukitaja namba ya shauri na unachokidai. Malalamiko kadhaa huishia hapo, kwa kuwa mengine yalitokana na simu isiyopokelewa tu. Asipojibu, unaweza kukiandikia Chama cha Mawakili Tanganyika, ambacho mawakili wote wa Tanzania Bara ni wanachama wake, au kupeleka malalamiko rasmi kwa Kamati ya Mawakili, chombo kilichoundwa chini ya Sheria ya Mawakili na kinachoongozwa na Jaji. Kamati ina mamlaka ya kumwonya wakili, kumsimamisha kwa muda, au kuamuru jina lake liondolewe kwenye Daftari, na anayeona hakutendewa haki na uamuzi huo anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu.

Ambatisha makubaliano ya ada, risiti, ujumbe wa simu na nakala za amri za mahakama. Kamati huamua kwa ushahidi, na hapa ndipo mteja aliyetunza karatasi zake anapotofautiana na yule aliyelipa kwa kuaminiana. Fahamu pia kwamba kushindwa shauri peke yake si kosa la kimaadili. Ikiwa uzembe umekusababishia hasara ya fedha, unaweza kufungua madai ya fidia mahakamani. Kwa kawaida madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3, na ya kuvunja mkataba miaka 6.

Sina uwezo wa kumlipa wakili. Niende wapi?

Sheria ya Msaada wa Kisheria, Namba 1 ya mwaka 2017, inatambua watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa pamoja na wasaidizi wa kisheria walioko katika wilaya, na huduma yao kwa mtu asiye na uwezo ni ya bure. Msaidizi wa kisheria anaweza kukuelimisha, kukuelekeza mahali sahihi na kukusindikiza katika usuluhishi, lakini haruhusiwi kusimama mahakamani kama wakili wala kukutoza ada. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako, iwe Nanyumbu, Ruangwa au Mtwara Mikindani, ikuoneshe waliosajiliwa. Nenda mapema, siku hukumu au wito unapokufikia mkononi, na uwaoneshe tarehe iliyoandikwa juu yake.